Tangu Bandama Itolewe

Jumatatu, 19 Mei
Aspirini baada ya uji. Maji kwa wingi. Kisha kutembea hadi getini na kurudi, mkono tumboni. Mshono unavuta. Bandama yangu ilipasuka bodaboda iliponibwaga Runazi, ikabidi itolewe. Dada yangu Yustina ananiuguza hapa hospitalini. Tulizaliwa hapahapa Rulenge. Kengele ya kanisa ni ileile. Ikilia, nasikia harufu ya nyasi mbichi alizotandika mama ndani kila Jumamosi.

Jumatano, 21 Mei
Majibu ya damu. Chembe zinazogandisha damu zimepanda mno. Daktari anasema bandama ndiyo iliyokuwa ikiziondoa zilizochakaa. Sasa zinajazana, damu inaweza kuganda ndani ya mshipa. Naogopa.

Jumamosi, 24 Mei
Zimepanda tena. Mume wangu kapiga simu: maharage yamekauka, majirani wanang'oa yao. Nataka nyumbani. Nimekasirika na kila mtu. Yustina akakumbushia tulivyokuwa tukipura maharage, yeye na fimbo, mimi na ungo, mama akiimba Kihangaza kwa sauti yake mbaya. Tulicheka hadi mshono ukauma.

Jumanne, 27 Mei
Homa. Maumivu mapya tumboni. Nilidhani ni mshono tu. Yustina hakukubali, akamfuata daktari. Wakanipiga ultrasaundi. Damu imeanza kuganda kwenye mshipa unaoingia kwenye ini. Nilimuuliza daktari kama nitakufa. Alivuta kiti, akakaa.
"Mama, tumewahi. Lakini nyumbani huendi sasa."
Sindano za kuzuia damu kuganda, asubuhi na jioni. Yustina alilia barazani akidhani simwoni.

Alhamisi, 5 Juni
Homa imekwisha. Chembe zinashuka. Namkumbuka mama kuliko mwaka ule alipofariki. Ajabu.

Jumamosi, 14 Juni
Damu inapita vizuri. Nimeruhusiwa, na vidonge vya kumeza kwa miezi, na kurudi kupimwa. Kabla ya gari la kurudi nyumbani Biharamulo tulipita palipokuwa na nyumba yetu. Pamejengwa upya, bati linang'aa. Mwenyeji, mama mwenye asili ya Burundi, alitupa viti. Tukamwambia ile migomba ya nyuma aliipanda mama yetu. Alichukua panga, akatukatia mkungu. Yustina aliubeba kichwani hadi stendi. Mimi nimekatazwa kubeba chochote. Nilitembea nyuma yake, polepole.