Ba-Baba Batatu ba Donat

Kilwa, tarehe 16 ya mwezi wa kwanza 1955

Mutoto wangu Donat,

Jambo sana, tena jambo. Uko muzima? Kichwa, tumbo, miguu, yote iko muzuri? Siye huku tuko, Mungu anatuchunga. Kambo yako, ule muzee alizaa baba yako, anakusalimia, magoti inamuuma ju ya mvula lakini mudomo yake ingali na nguvu. Dada yako Wivine anakusalimia, mutoto wake ameota meno mbili na anauma kila muntu. Mudogo wako Floribert anakusalimia, anasema umuletee buku yenye picha. Mama Edith jirani anakusalimia. Mbuzi haisalimie, lakini nayo iko.

Barua yako ilifika. Unasema ku masomo kuko Padri Clément, mushauri, kazi yake ni kusikiliza banafunzi, kila mumoja na mambo yake. Unasema ulimuambia namna usingizi ilikukimbia tangu tulizika baba yako. Nilifikiri sana, mutoto wangu. Kwetu mambo ya ndani mutoto anaambia kambo yake. Lakini kambo iko huku na weye uko kule. Kama ule padri iko na masikio, muzuri, Mungu amubariki.

Baba yako Rigobert, mudogo wa marehemu, atatoka Lukafu na karanga yako. Umupokee na heshima. Ukule, banasema umekonda.

Miye mama yako


Élisabethville, tarehe 8 ya mwezi wa pili 1955

Mama yangu mupenzi,

Jambo kwako, kwa kambo, Wivine, Floribert, Mama Edith na kwa mbuzi. Ku mwili niko muzima. Ku roho hapana.

Baba Rigobert alifika na karanga, akaambia Padri Clément: miye ni baba ya Donat. Padri akaniita ku bilo, chumba yake ya kazi. Akasema: mwezi wa kenda baba yako Léonard wa ku reli alikuleta hapa. Nyuma ya Noeli baba yako Anaclet, fundi wa kushona, alikuya kuuliza homa yako. Leo baba mwingine anaketi inje na mufuko ya karanga. Na weye ulilia mbele yangu ukisema baba alikufa. Kwa nini ulinidanganya?

Nilimuelezea kama hawa wote ni bandugu ya marehemu, na kwetu ndugu ya baba ni baba. Akasema: «Basi ni oncles. Useme oncles.» Nikasema siwezi, oncle kwetu ni mujomba, na mujomba ni ndugu ya mama. Nikiita Baba Rigobert mujomba, ni sawa nimemufukuza ku maziko ya ndugu yake.

Akakasirika. Sasa anataka niandike kama hawa bantu hawako ba-baba yangu, niweke jina yangu chini. Nikikatala, ku Paska narudishwa nyumbani ju ya uongo. Mama, nafasi yangu ya kusomea munganga wa hospitali itapotea. Ni mustari mumoja tu. Niandike?

Mutoto wako Donat


Kilwa, tarehe 20 ya mwezi wa pili 1955

Donat,

Jambo. Bote beko bazima, leo sina moyo ya kubataja.

Usiandike. Hata mustari mumoja, hata nusu yake.

Nani alikuvalisha siku ya komunyo? Léonard. Nani alishona ile kaputula uko nayo? Anaclet. Siku tulizika baba yako, nani alikubeba ku mugongo, na ulikuwa mukubwa, miguu yako inagusa udongo? Rigobert. Ule padri haana bibi wa ndoa, haana mutoto, na muji muzima inamuita mon père, ni kusema baba yangu, asubuhi mpaka mangaribi, hakuna muntu anamuuliza karatasi. Weye ukiwa na batatu, ni uongo?

Na tena hii ndiyo inanichoma. Alikuambia ufungue kifua. Ukafungua. Akachukua ile alikuta mule ndani, akakupiga nayo. Hata mwizi anaona haya kupiga muntu na fimbo aliiba kwake. Mushauri gani huyu? Kambo yako aliposikia alitema mate chini, na unajua kambo hatemi mate bure.

Ninakuya. Barabara ni matope, kamio za mizigo zinalala mu njia, lakini ninakuya. Nimetuma neno kwa ba-baba yako bote.

Miye mama yako


Élisabethville, tarehe 3 ya mwezi wa ine 1955

Mama yangu,

Jambo, na pole ya safari. Kambo anaendeleaje? Na Wivine, na mutoto wa meno? Najua ulipanda kamio ya kurudi na hasira, ju mulinzi alikuacha ku portail, ule mulango mukubwa ya inje, anasema wameita ba-baba peke yao. Ba-baba walikuambia kwa kifupi kama nimebaki ku masomo. Sasa nikuambie yote.

Mule ndani, mbele yangu, Padri aliuliza: baba wa kweli ni nani? Baba Léonard akasema ni miye. Baba Anaclet akasema ni miye. Padri akacheka kidogo. Ndipo Baba Rigobert alivua kofia. Akasema: «Ule alimuzaa, tulimuzika. Sasa ukimufukuza huyu mutoto, utamurudisha kwa nani, kama si kwetu? Basi unatujua.»

Padri aliacha kucheka. Kisha akaomba ba-baba masamaha, akabapa kahawa, akabasindikiza mpaka inje. Miye aliniambia tu: rudia ku darasa.

Nimebaki, mama. Lakini usiku usingizi inakimbia tena, na nikipita ku mulango yake ninaongeza mwendo. Juzi aliniuliza kwa nini siingie tena. Nikasema kazi iko mingi.

Mutoto wako Donat


Kilwa, tarehe 17 ya mwezi wa ine 1955

Mutoto wangu Donat,

Jambo sana. Kambo iko, Wivine iko, meno sasa ni ine. Floribert bado anangoja buku.

Nimesomewa barua yako mara mbili, kisha nikaisoma mwenyewe pole pole na kidole. Ba-baba walipewa kahawa na masamaha. Weye mwenye kuitwa muongo ulipewa darasa. Sasa masamaha ni ya bakubwa peke yao? Ule aliyelia mbele yake alikuwa nani, Léonard?

Sikiliza. Sitaki uzoee kukimbia ule mulango. Muntu wa umri yako, mbali na kwao, anahitaji muntu wa kuambia, na hiyo kazi ni muzuri, ni yeye aliiharibu. Basi aitengeneze. Uende, ubishe hodi, usimame bila kukaa, useme na heshima: mon père, ulibaki na neno moja yangu. Kisha unyamaze, umungoje. Akilisema, ukae, umuambie habari ya usingizi. Asipolisema, salamu ya asubuhi hapana kumunyima, lakini kifua ukifunge.

Uniandikie mbio na kamio ya kwanza: amelisema ao bado? Kama ni bado, uandike tu bado, hii inatosha. Tutakuya tena. Ba-baba walikuwa batatu. Bashangazi beko saba, na hawa mulinzi hatabaacha ku portail.

Miye mama yako