Kwa Salvina, Aliyefunga Studio Akaenda Mlimani

Mwaka umetimia, Mama Noela, tangu tulipokulaza Ushirombo, jirani na kaburi la baba yako. Watu walituambia mwaka ukipita mzigo utapungua. Haujapungua. Tumeuzoea tu, kama mtu anavyozoea kiatu kinachombana, na jioni ikifika tumechoka.

Studio yako hapa Kalangalala bado iko wazi. Binti yetu Noela ndiye anayepiga picha za pasipoti sasa, na ule ukali wako ameurithi wote: "Inua kidevu. Usicheke, hii si harusi." Wateja wanatoka wakitikisa vichwa, wanasema mama huyu hajafa. Mimi nikimaliza kutengeneza pampu za wachimbaji napita kumsaidia kufunga mlango, kisha tunarudi nyumbani.

Nani hapa Geita asiyekujua? Kiangazi kikiingia, mavuno yamo ghalani na harusi zimepamba moto, mpiga picha mwenye akili zake anatafuta wasaidizi. Wewe ulifunga studio ukapanda basi la Arusha. Ulikwenda kwenye hifadhi iliyo chini ya Mlima Meru, kupiga picha za mbega, twiga na nyati, na mlima wenyewe alfajiri kabla mawingu hayajaufunika. Mama Dorah alikufuata hadi stendi akilia: "Mama Noela, mwanangu anaolewa Jumamosi, wewe unakwenda kupiga picha nyani?" Ukamjibu dirishani, "Si nyani, ni mbega. Na mbega hajawahi kuniambia nimfanye mweupe pichani."

Tulikucheka, na mara nyingine tulikuchoka, tuseme ukweli. Ulirudi na vumbi la njia nzima, ukatuketisha wote mbele ya kompyuta tutazame mkia wa mbega mmoja, picha baada ya picha, mpaka mwanetu Nestory akasinzia. Ulisema ukishapiga picha unamnong'oneza mnyama "wabeja", umshukuru, kana kwamba mbega wa Meru ni shangazi yako anayeelewa Kisukuma. Siku hizi Nestory ndiye anayezifungua picha hizo peke yake, na hasinzii.

Na ile ya kijijini Bugarama je? Uliisimamisha kamera kilimani juu ya miguu yake mitatu ili ujizoeze kupiga mandhari, watu wakadhani wewe ni mpima ardhi umetumwa na mgodi. Wiki iliyofuata vibanda vya tope vilikuwa vimeota, na miche ya miembe imebanana kama mchicha, vyote vikisubiri fidia. Ukarudi kuwaeleza kwamba wewe ni mpiga picha tu. Mzee Maige wa pale akakwambia, "Mayu, mama yangu, hata wapima wa mwaka juzi walisema hivyo hivyo." Ulicheka njia nzima mpaka nyumbani.

Kisha ugonjwa ukaja. Saratani haikuwa na haraka. Daktari alipotuambia kwamba kilichobaki ni dawa ya kutuliza maumivu, ukaomba jambo moja tu, kuuona mlima tena. Kaka yako Sostenes akaitisha kikao cha ukoo. "Mgonjwa hapelekwi kwenye baridi," alisema. "Mkimpeleka, mtamrudisha kwenye sanduku." Mama yako alilia. Mimi nilikutazama wewe, nikakupeleka.

Ulirudi hai, ila hukumaliza mwezi. Siku ya maziko Sostenes alisimama mbele ya watu wote. "Shemeji, dada yangu umemuua kwa baridi. Na kama mlikwenda kupiga picha, picha iko wapi?" Tangu siku hiyo hakukanyaga kwetu, wala sisi kwake. Mama yako amekuwa akija kwa kujiiba, anawabusu wajukuu, anaondoka kabla chai haijapoa. Msiba tungeubeba, Salvina. Ugomvi juu ya msiba ndio uliotumaliza nguvu.

Mwezi uliopita tukasikia kwamba ukoo wako unapanga misa ya kumbukumbu kule Ushirombo, nasi tulikuwa tunapanga ya kwetu huku. Mama yako akanipigia simu. "Baba Noela, mimi nilimzaa Salvina mmoja. Misa mbili za nini?" Akakata. Nilikaa na simu mkononi, nikaona aibu na uchovu kwa pamoja.

Kesho yake nikaichukua ile picha ya safari yetu ya mwisho niliyokuwa nimeificha, nikaenda Ushirombo.

Unakumbuka ilivyokuwa. Siku zote tulizokaa kule mlima ulijifunika, hata mguu wake hatukuuona. Asubuhi ya kuondoka ukafunguka mzima, mweusi na safi. Ulikuwa umeketi kwenye kiti kando ya gari, umejizungushia mablanketi mawili, na nyuma ya miti mbega walikuwa wakikoroma. Nilikuwekea kamera mapajani nikidhani utaupiga mlima. Ukasema, "Baba Noela, kasimame pale." Wewe, uliyesema kila mara kwamba sura za watu zinatosha studio! Nikasimama. "Inua kidevu." Ukapiga moja, mikono ikashindwa.

Ndani ya picha hiyo nimefumba macho, na kichwa changu kimeuziba mlima karibu wote. Ndiyo maana sikumwonyesha mtu. Ningemwambiaje kaka yako kwamba dada yake alisafiri kote kule, katika hali ile, akaishia kunipiga mimi?

Sostenes aliitazama kwa muda mrefu.

"Shemeji, mlima uko wapi?"

"Uko nyuma yangu."

Akacheka. Akacheka mpaka akaketi chini, na akiwa pale chini akaanza kulia, nami nikaketi karibu naye. "Huyu ni Salvina kabisa," alisema. "Alikuwa na mlima mzima mbele yake." Alipofuta uso akasema, "Nimechoka kukasirika, shemeji." Nikamwambia hata mimi nimechoka. Mama yako akatuletea uji.

Kwa hiyo misa itakuwa moja, Jumamosi hii saa tatu asubuhi, parokiani Ushirombo, na baada ya misa tutakwenda wote kaburini. Picha iliyo juu ya tangazo hili Sostenes ndiye aliyeshikilia itoke. Ndugu wasomaji wanaotafuta sura ya marehemu wasihangaike. Aliyesimama ni mimi. Yeye ndiye niliyemwelekea, kwa macho niliyoyafumba.

Tulipomsomea kaka yako maneno haya kwa simu, alisema: "Niandike na mimi. Lakini andika pia kwamba baridi ile bado siiafiki." Nimeandika.

Wanaokukumbuka ni mimi mumeo Tarsisi, watoto wako Noela na Nestory, mama yako mzazi Scolastika, na kaka yako Sostenes, ambaye jina lake amelileta mwenyewe.

Pumzika wewe, Salvina. Kukukumbuka tuachie sisi, siku zote.