Mke Bila Cheti

Mjukuu wangu Akello,

Hapa Mbuya hatujambo, na mama yako amepona malaria. Unauliza kama uiambie ofisi ya serikali huko Uingereza kwamba unaishi na Ojok bila ndoa, maana wakijua watakupunguzia msaada wa fedha.

Babu yako, askari, alipofariki, karani wa pensheni aliniambia, "Huna cheti cha ndoa. Wewe si mjane."

Mama mkwe wangu, niliyekwenda naye, akasimama. "Mwanangu alifia mikononi mwa huyu. Mimi niliyemzaa nasema ni mke wake."

Tulirudi pale na majirani wa kambi ya jeshi, tukafukuzwa, tukarudi tena, mpaka wakakubali kwamba mimi ni mjane wake.

Kwa hiyo usimfiche Ojok. Wakipunguza, wapunguze, lakini wasikie kwako mwenyewe kwamba ni mtu wako.

Bibi yako anayekuombea,
Tereza