Mguu wa Kushoto na Keki ya Bosi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa ujue mapema kwamba anayekuomba ni dereva ambaye mwenzake hajazaliwa, kwa sababu mimi nikiwa na miaka kumi na sita nilirudisha nyuma lori la mchanga katika uchochoro ambao hata baiskeli hupita kwa kuomba radhi, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeshika hindi la kuchoma, na ukuta sikuugusa, aliyeugusa ni mwenye ukuta alipojishikiza asianguke kwa mshangao. Shule tuliachana mapema, bila kinyongo. Lakini gia, mshauri, gia nazijua kwa sauti, kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Kwa hiyo usinijibu kama unavyowajibu watu wa kawaida.

Sasa sikiliza. Mjomba wangu ni fundi breki, ndiye aliyenilea na ndiye aliyenifundisha gari kwenye pikapu yake kuukuu ya gia za mkono, na kuna mama mmoja mwoka keki, sisi sote tunamwita Bosi, ambaye gari lake lilikuwa likitengenezwa hapo kwa mjomba, akahitaji dereva wa kumpeleka na keki zake kwenye sherehe za watu, mjomba akanipigia debe, akasema huyu kijana ana mdomo lakini ana mkono. Bosi akaniuliza kama nimewahi kuendesha otomatiki. Nikamwambia aliyezoea kuogelea baharini haulizwi habari za beseni. Akacheka, akanipa funguo.

Mshauri, beseni lenyewe sijalielewa hadi leo. Lina pedali mbili tu, ya tatu sijui wameipeleka wapi, siku ya kwanza niliinama kuitafuta chini ya kiti. Ukiliachia breki linaondoka lenyewe kama mbuzi aliyeona majani, mafuta hujakanyaga, neno hujasema, linakwenda. Halizimiki hata ulikosee vipi, na mimi nimezoea gari linalokuambia kwamba umekosea. Kuondoka raha, kwenda raha, balaa ni kusimama. Bosi haweki keki kwenye buti, anakaa nayo kiti cha nyuma ameipakata kama kitoto kichanga, na mimi nikikaribia taa za barabarani nakanyaga breki kwa mguu wa kulia taratibu, taratibu, halafu pale mwisho kabisa sijui kunatokea nini, gari linakwama ghafla kama limeona jini, tunainama mbele wote wawili kama tunaitikia dua, na huko nyuma namsikia Bosi akivuta pumzi.

Keki ya kwanza ilipata ufa, akauziba kwa krimu. Ya pili, ghorofa ya juu ilihamia ya chini. Ya tatu ilikuwa ya bibi mmoja aliyetimiza miaka themanini, hiyo ilimkalia Bosi kifuani, akashuka mbele ya ukumbi, mbele ya wajukuu waliovaa sare, ana krimu hadi kwenye hereni. Hakunifokea, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema keki nyingine ikilala, na wewe ukalale kwenu. Jumamosi ijayo ni harusi, keki ya ghorofa nne, na dereva bado ni mimi.

Nimejaribu kila njia. Nimeanza kusimama kutoka mbali, wenye magari nyuma yangu wakaniuliza kama nimebeba maiti. Nimetoa gia kwenye D, ile ya kwenda, nikaweka N, ile isiyoshika gia yoyote, gari likiwa linakwenda, likateleza hadi nikapitiliza geti la mwenye keki yake. Rafiki yangu muuza vipuri anasema ndani kuna kompyuta na hainipendi. Mwisho nikaamua kuendesha peku, ili mguu uhisi pedali vizuri, na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya keki ya bibi. Nikatazama chini. Mshauri, niliona miguu yangu miwili juu ya pedali moja. Wa kushoto ulikuwa umeshuka wenyewe kutafuta klachi, ile pedali ya tatu iliyopotea, ukaikuta breki imejitandaza pale katikati, ukaigandamiza mpaka chini. Sikuutuma. Siku hizi naukunja chini ya kiti, na bado gari linatikisa shingo mwishoni, kidogo kuliko zamani, lakini keki haijui kidogo. Sasa sielewi, kosa ni la mguu, la gari, au nimerogwa?

Hapo ndipo nilipotaka kumaliza, ila kalamu imekataa kufungwa. Jioni ile ya keki ya bibi Bosi alipitia gereji kwa mjomba, na krimu yake vilevile, akauliza mbele yetu wawili, "Ni gari, au ni huyu?" Mjomba alikuwa amefunga pedi mpya za breki wiki ileile. Alinitazama mimi, akiningoja.

Nikasema, "Ni breki, Bosi. Zimefungwa vibaya."

Mjomba alijifuta mikono kwa kitambaa chake, kidole kimoja kimoja. Bosi amelihamishia gari gereji nyingine, na rafiki zake wawili wamemfuata na magari yao, na mjomba nikirudi jioni bado ananiuliza vilevile, "Umekula, bingwa?" Breki hazikuwa na kosa, mshauri. Nilishauona mguu kabla sijafungua mdomo.

Ni mimi,
Dereva Bora (kasoro kusimama)

MSHAURI ANAJIBU

Wewe bingwa wa uchochoroni, mimi nimezoea barua za ndoa, na yako niliisoma mara mbili nikimtafuta mchumba. Nikamsomea jirani yangu anayefundisha udereva, akacheka hadi chai yake ikapoa, kisha akaacha kucheka nilipofika kwenye habari ya mjomba wako. Nami pia.

Hujarogwa. Mguu wako wa kushoto umefundishwa miaka mingi kwamba gari likitaka kusimama, kazi yake ni kushuka mpaka sakafuni, na unatii. Usiukunje chini ya kiti kama mwizi anayejificha. Siku ukishtuka, mguu huo utachomoka ukagandamize breki. Uweke wazi kule pembeni kushoto, unyayo umelala sakafuni, na kila ukikaribia kusimama uambie kwa sauti ubaki hapo. Bosi akikuuliza unaongea na nani, mweleze.

Ule mtikiso unaobaki ni wa mguu wa kulia. Unakanyaga sawa, tatizo hujui kuachia. Toa mguu kwenye mafuta mapema, kisigino kikae sakafuni, kandamiza breki kidogo kidogo, na pale gari linapotaka kutua kabisa, punguza ule mkandamizo, kama unavyoweka chini sahani uliyoijaza mchuzi. Likishatulia, kaza tena, maana kwenye D linaendelea kusukuma hata wewe ukipumzika. Achana na hiyo N ukiwa mwendoni. Acha nafasi ya kutosha kati yako na gari la mbele, na wenye haraka waache wakuite gari la maiti. Ila mtoto akikatiza barabara, kanyaga kwa nguvu zako zote na keki iende inakokwenda.

Hayo ni ya gari. La pili unalijua, ndiyo maana kalamu yako ilikataa kufungwa. Mtu aliyekulea aliulizwa swali, akanyamaza ili akupe nafasi ya kuwa mwanamume, na wewe ukaitumia nafasi hiyo kumzika. Sasa anakuuliza kama umekula, na unakula. Unameza vipi, mwanangu?

Usingoje Jumamosi. Kesho asubuhi, kabla tanuri la Bosi halijawashwa, nenda ukamwambie, "Ni mguu wangu." Usiongeze habari za lori wala uchochoro. Akikufukuza, funguo uziweke mezani taratibu na umshukuru. Asipokufukuza, mwombe alirudishe gari kwa mjomba wako, na uwape habari hiyo wale rafiki zake wawili wewe mwenyewe, mlango kwa mlango.

Kisha mwombe mjomba radhi, na ukishamwomba, mwombe akufundishe upya. Yeye ashike usukani, hata kama ni wa otomatiki ya kuazima. Wewe kaa nyuma, palepale anapokaa Bosi, upakate beseni la maji lililojaa, mzunguke mtaa mzima na kusimama katika kila kona. Litazame lile beseni gari linaposimama, uone kama hata tone litamwagika. Yale maji yatakuonyesha jinsi ya kukanyaga breki, na yatakuonyesha pia ulimsingizia mtu wa namna gani.