Kamba Bandia wa Mama

Chumba cha nyuma, juu ya duka la vitambaa
Jumapili asubuhi

Mpendwa Mama mdogo,

Shikamoo. Hujambo huko mbali? Magoti je, baridi bado inayasumbua? Na Baba mdogo, kikohozi kimemwachia? Sisi tu wazima, na leo siandiki kwa unyonge kama safari iliyopita. Kaa kitako, nina habari.

Unajua tangu Mama apate kiharusi, mkono wake wa kulia ulikuwa umelala tu mapajani. Fundi cherehani mzima, hata kifungo hakishiki. Mtaalamu wa mazoezi alimpa shanga atunge. Mama akazisukuma pembeni, akasema yeye si mtoto wa chekechea. Akawa hasemi na mtu.

Basi akaja Mjomba, kaka yenu, na wazimu wake wa kuvua samaki kwa chambo bandia. Alikuwa amejaribu kutengeneza kamba, yule wa baharini, kwa kufunga manyoya na uzi juu ya ndoana. Mama akakitazama kile kitu, akamwambia kinafanana na mende aliyekanyagwa. Kisha akacheka. Akacheka, Mama mdogo! Mimi nilikuwa jikoni, nikaacha chai ikafurika.

Kesho yake akataka kamba hai kwenye beseni, akawachungulia asubuhi nzima. Akaona kwamba kamba akishtuka hukimbia kinyumenyume, macho yakimtazama adui. Mjomba alikuwa akiyaweka macho upande unaofungwa mshipi wa kuvulia. Mama akamwambia ayahamishie nyuma, pale ndoana inapojipinda, ili kamba akivutwa aonekane anakimbia.

"Mikono unayo," Mjomba akamjibu. "Fanya mwenyewe."

Nikamkata jicho, nikijua ameharibu. Mama akavuta kiti.

Ndoana ilibanwa kwenye jiliwa dogo, kile kibano cha mafundi, ukingoni mwa meza. Mkono wa kushoto ulizungusha uzi, wa kulia ukashikilia tu. Nyuzi zilikatika, na maneno makali yakamtoka. Wiki zikaenda, vidole vikaanza kutii. Gamba alilikata kwenye mfuko wa plastiki angavu. Masharubu aliyang'oa kwenye brashi yangu ya nguo, bila kuniomba. Macho ni ncha za mshipi zilizoyeyushwa kwa kibiriti. Ukimweka kamba huyo kwenye beseni, humtofautishi na wale hai.

Jana tukaenda naye, Mama, Mjomba na mimi, kwenye mawe ya ufukweni. Mjomba akarusha, akavuta kidogo kidogo. Maji yakapasuka, fimbo ikapinda, na Mama akaidaka kwa mikono yote miwili. Mjomba akataka kumsaidia.

"Niache," akasema Mama. "Huyu kaja kwangu."

Wakavutana mpaka jasho likamtiririka, na aliyeshindwa ni samaki. Kumrudisha Mama nyumbani na samaki wake nilipita barabara kubwa, makusudi, majirani waone.

Nisalimie Baba mdogo na wale pacha watundu. Mjomba anakusalimu, anatembea kifua mbele utadhani ni yeye aliyemtengeneza yule kamba. Mungu awazidishie afya na furaha humo nyumbani.

Ni mimi nikupendaye sana,
Kitindamimba wa dada yako

Hapa chini ameandika Mama mwenyewe, kwa mkono wa kulia:

Mdogo wangu, kasahau kukwambia samaki alikuwa mkubwa. Alikuwa mkubwa mno.