Mashine ya Kwanza Iliitwa ya Pili, Mama Mdogo Akaitwa Mzembe

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, na tafadhali usinicheke, maana nakuandikia nikiwa nimejifungia stoo, nimekalia gunia la chakula cha vifaranga, na wenzangu wanadhani nahesabu magunia.

Mimi ni karani katika kampuni ya kutotolesha vifaranga. Tuna mashine mbili kubwa za kutotolesha, kila moja ina kipimajoto chake, na kila kipimajoto kimeunganishwa na kompyuta ya ofisini kwangu kwa waya wenye adapta ya USB, adapta zenyewe zinafanana kama mapacha, na mfumo wote aliuleta shemeji yake mkurugenzi, akafunga nyaya, akaiambia programu kwamba adapta iitwayo ttyUSB0 ni Mashine ya Kwanza na ttyUSB1 ni ya Pili, akanywa soda, akaondoka akituonya tusiguse kitu. Wiki iliyopita umeme ulikatika, ukarudi, kompyuta ikawaka, na mimi niliyesomea mambo haya chuoni najua kabisa kwamba majina hayo hugawiwa upya kila inapowaka, adapta inayowahi kuonekana ndiyo inapewa sifuri, lakini sikulifikiria hilo, nikaendelea na kazi, kumbe majina yamebadilishana.

Mchana kioo cha kompyuta kikaonyesha Mashine ya Kwanza imepoa. Msimamizi wa mashine ni mama yangu mdogo, ndiye aliyenitafutia kazi hii, basi akaiongezea joto Mashine ya Kwanza, akaniuliza dirishani, "Imepanda?" Nikamjibu, "Bado, mama, ongeza." Akaongeza. "Sasa je?" "Bado." Tukaendelea hivyo mpaka tukasikia harufu. Iliyopoa ilikuwa ya Pili. Mayai ya Kwanza tulikuwa tunayapika. Dereva wa kampuni alichungulia akasema, "Kesho nakuja na chumvi," watu wakacheka, mama mdogo akajifunika uso kwa aproni.

Mkurugenzi hakucheka. Alituita wote, akasema kompyuta haikosei, anayelala kazini ni binadamu, kisha akaagiza nyaya zibandikwe karatasi, huu KWANZA, huu PILI, kwa wino mwekundu, akapigwa picha akiwa amezishika, akatangaza kwamba tatizo limekwisha. Mshauri, kompyuta haisomi karatasi! Lakini mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika gundi, nikasema, "Vizuri sana, mzee." Walipotoka nilichomoa adapta zote mbili, nikaichomeka ya Kwanza kwanza, ya Pili ikafuata, kwa hiyo leo kioo kinasema kweli, ila umeme ukikatika tena sijui kitasema nini, na Ijumaa mama mdogo anaitwa kwenye kikao kujibu shtaka la uzembe. Nikisema, nimemuumbua shemeji wa mkurugenzi. Nikinyamaza, mama mdogo anafukuzwa. Jana aliniambia, "Mwanangu, labda kweli nimezeeka, siku hizi hata mikono yangu siielewi." Nikamjibu, "Pumzika, mama." Nifanye nini?

Karani wa stoo

MSHAURI ANAJIBU

Kwanza shuka kwenye hilo gunia, unaponda chakula cha watoto.

Nakuonea huruma, kijana, kuajiriwa chini ya mtu mwenye shemeji si mchezo. Lakini hebu jisikilize. Mama yako mdogo anauliza kama imepanda, wewe unamwambia ongeza; anapoanza kuishuku akili yake, wewe unamwambia apumzike. Na kosa ulilijua, ukalirekebisha kimyakimya, ukafuta ushahidi pekee ambao ungemtetea! Chuoni walikufundisha kompyuta tu, au na kujificha pia?

Mume wangu hutengeneza mashine za risiti. Nilimsomea barua yako mezani, akaweka kijiko chini. Anasema hivi: leo hii weka kipimajoto cha kawaida ndani ya kila mashine, mayai yaliyobaki yasitegemee bahati. Kisha angalia kama kila adapta ina namba yake ya kiwandani. Kama inayo, andika kanuni ya udev, ile sehemu ya kompyuta inayovipa vifaa majina, ni faili dogo tu ndani ya /etc/udev/rules.d, linalosema adapta yenye namba hii iitwe mashine_kwanza siku zote, na yenye namba ile mashine_pili, hata itangulie ipi. Kwenye programu futa ttyUSB0 na ttyUSB1, weka majina hayo mapya. Kama ni zile za bei rahisi zisizo na namba, au zote zina namba ileile, kanuni izitambue kwa matundu ya kompyuta zilikochomekwa; basi karatasi za mkurugenzi zihamie kwenye matundu, na asiwepo wa kuyabadilisha. Halafu zima, washa, chomeka ya Pili ikitangulia, kila moja kwenye tundu lake, upashe kipimajoto kimoja joto kwa kiganja uone ni mashine ipi inayopanda kwenye kioo. Usiniambie ulisahau kujaribu.

Hiyo ndiyo sehemu rahisi. Leo, kabla ya kumwendea mkurugenzi, mwambie mama yako mdogo kwamba mikono yake ni mizima. Ijumaa ingia naye kwenye kikao. Usiandike barua isiyo na jina, usimtume dereva. Beba kompyuta, chomeka adapta zilezile mbele yao kwa mpangilio mmoja, kisha kwa mwingine, wote waone majina ya zamani, ttyUSB0 na ttyUSB1, yakihama. Shemeji usimtaje, watamtaja wenyewe. Utakapoulizwa nani alisema "ongeza", nyoosha mkono.

Huenda ukafukuzwa, sikudanganyi. Lakini kiti cha kushtakiwa ukikalie wewe, na mama yako mdogo arudi kwenye mashine zake.