Hidrojeni Yetu ya ku Kasungami

Jumapili, 14 Septemba 2025

Leo nimekuwa président wa kikundi yetu. Sikuomba! Bo benyewe balinichagua, mikono yote juu, mu atelier ya Gauthier fundi wa nguo, pale Kamalondo, mtaa yetu. Nilisema neno moya tu: gaz ninaijua. Hata mashini ya kushona ilinyamaza.

Na kweli ninaijua. Zamani ku Likasi nilikuwa ninachunga bouteilles, ile mitungi ya chuma ya oksijeni. Siku moya, bouteille ingine ilikatika shingo, ikaanza kukimbia mu atelier kama roketi. Bantu bote chini ya meza, na muzungu wa kwanza. Miye niliikamata na mukono moya, nikaikalia mpaka ikatulia. Suruali iliungua pale nyuma, lakini atelier ilipona. Sasa hidrojeni na oksijeni ni batoto ba mama moya, mayi. Ukilea moya, ingine itakukataa?

Jambo yenyewe iko hivi. Kampuni moya ya centre-ville, katikati ya muji, Hydrovert, itageuza buchafu ya Lubumbashi kuwa hidrojeni, moto ya kuendesha makamyo na viwanda. Na habataki feza ya muntu mudogo. Banataka buchafu yake! Unapanga mifuko, banapima kilo, banakupa action. Action, maana yake kipande ya kampuni, ya kwako na ya batoto bako. Redio inasema hisa. Ni mamoja.

Nasoro, muuzishaji wa bitenge, njo muntu anapenda kuharibu sikukuu. Aliuliza: kama buchafu ni mali, mbona batajiri habaokote benyewe? Nilimujibu: juu beko na mugongo mubaya, shemeki. Bantu balicheka mpaka machozi. Nasoro pia, lakini na meno tu.

Shida ilibaki moya: fasi ya kuweka mifuko mpaka kampuni ikuye kupima. Nikasimama, nikasema: ku Kasungami, inje ya muji, niko na parseli, kiwanja kikubwa.

(Parseli ni ya Régine, bibi yangu. Baba yake, muntu wa reli, alimuachia. Lakini padri alisema bibi na bwana ni mwili moya. Basi parseli nayo iko na bwana.)

Jumanne, 16 Septemba

Régine amejua. Sijui nani alimuambia — Kamalondo yote iko na kinywa.

Hakupiga kelele. Afazali angepiga. Alisema ile shamba njo inatupatia bukari, ile ugali, ya mwaka, na kama mahindi haipandwe na mvua ya kwanza, mu mwezi ya pili tutakula kijana ya jirani. Ameshapiga matuta nusu ya parseli, upande wa nyuma. Ananiachia upande wa barabara. Lakini: "Baba Léa, mvua ikianguka, ninapanda parseli muzima. Nikikuta mufuko moya pale, ninakupanda weye. Na mbolea juu."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anapepeta mbegu.

Ijumaa, 19 Septemba

Ajabu! Kamalondo imekosa buchafu! Barabara safi kama mu picha ya calendrier. Muntu anafagia mbele ya nyumba yake, na mbele ya fagio kusimama, jirani ameshafungua mufuko: "Mama, unatupa hiyo? Kweli?" Mama anastuka, anairudisha ndani. Maganda ya muhogo sasa iko na heshima. Babili balipigana juu ya kartoni ya viatu, na viatu balisahau pale chini.

Leo kilio ya muzee moya wa mtaa. Kwaya haijamaliza, bale actionnaires bangu, benye action, banaokota chupa chini ya biti. Mujane, macho nyekundu, anabaambia: bababa, mungojee basi maiti itoke. Niliona haya kidogo. Lakini niliona pia chupa ingine nyuma ya jeneza.

Mifuko ku Kasungami sasa inanipita urefu. Na miye siko mufupi, ku mpira balikuwa bananiita Poteau, nguzo.

Jumapili, 28 Septemba

Débat, mabishano! Atelier ilijaa, bengine ku dirisha.

Kuko bwana mwenye cravate ku shingo, pale centre-ville, anazunguka ananunua action za bantu badogo. Mifuko haijapimwa, yeye anatoa feza tu, cash. Nasoro anataka tuuzishe zote kesho asubui. Anasema: mashini ya hiyo kampuni nani ameiona? Muntu moya! Ainue mukono.

Niliinua.

Nilisema niliiona ku mpaka, Kasumbalesa, juu ya kamyo yenye magurudumu mingi kama tandu. Ndani ya kontena. Nilitia sikio. Ilikuwa inapumua.

"Inapumua?" — Nasoro.

"Polepole. Imelala. Ni safari ndefu."

Gauthier, rafiki yangu wa damu, alikuwa anatikisatikisa kichwa katikati ya sisi babili, mara kushoto, mara kuume. Alisema: Tonton Flory, miye ninakuamini, lakini bibi yangu hakuamini, sasa nifanye nini? Mama moya akasema auzishe bibi kwa ule wa cravate. Atelier ilianguka na kicheko.

Hapo njo nilitoa akili. Nikabauliza: hapa Lubumbashi, nani ameuzisha makala, makaa ya kupikia, kwa kilo bila kumwangia mufuko mayi kwanza? Bote chini macho. Bengine banajikuna. Aha! Basi kampuni inapima kilo. Tena hidrojeni yenyewe inakala mu mayi, nilifunzwa ku école, mbele ya kutoroka masomo. Tukimwanga mayi, tunaongeza kilo NA tunaongeza hidrojeni. Kampuni itatushukuru!

Nasoro aliniangalia kidogo. Halafu akauliza kama mayi ya kisima inafaa ao lazima ya robinet, ya bomba.

Kura: hatuuzishe. Tunabaki. Nilitoka pale ninatembea kama askofu.

Alhamisi, 2 Oktoba

Siku muzima ku Kasungami na mabidon ya mayi. Bote balikuya. Bamama banaimba, bababa banamwanga. Mufuko ulikuwa mwepesi kama mutoto wa jana, sasa babili habauinue. Nilibeba miye moya, na jino — (bon, nilisaidiwa kidogo chini).

Harufu, hiyo siandike. Kuku za jirani zilikunywa ile mayi nyeusi inatoka chini. Zimelala ubavu, zinaangalia mawingu. Jirani alikuya kulalamika, akafika katikati ya barabara, akafunga pua, akarudia ku nyumba yake.

Régine leo aliniwekea sahani ya bukari, sahani ya sombe, majani ya muhogo, na sahani ya tatu: sabuni. Kipande muzima, juu ya sahani, na kijiko.

Jumatatu, 6 Oktoba

Kampuni imeita! Ingénieur anakuya Jumamosi kupima. Nilituma veste, koti yangu, kwa Gauthier apige pasi. Upande wa Zambia kuko wingu moya. Régine analiangalia kama muntu anangojea treni.

Jumamosi, 11 Oktoba

Ninaandika huku nyuma ya mifuko, nimechutama. Bo banafikiri nimeenda kukojoa. Acha bafikiri.

Ingénieur alifika asubui. Nilingojea muzee mwenye miwani. Alishuka mudada, kitambaa ku kichwa, bottes, viatu ndefu za mupira. Jina yake Mounira. Nasoro alirukia pale pale: binti yetu, wa Maniema kama miye! Anamusalimia na mikono yote miwili, anauliza wazee, anauliza bajomba. Nikaona hatari. Nikasimama mbele, veste, kifua: "Miye njo président. Gaz, ninaijua tangu Likasi."

Alinisalimia na heshima: shikamoo papa. Muzuri. Halafu hakuangalia hata kilo! Alitoa kintu kama sindano ya ng'ombe, na kioo kidogo juu, akachoma mufuko wa kwanza. Akaangalia. Akachoma wa pili. Akaangalia mbingu — kavu. Akachoma wa tatu, mayi ikatoka, ikamwangika ku botte yake.

"Papa, hii mifuko ilivuka mto?"

Nilimuelezea. Mama moya, batoto babili, mayi, hidrojeni. Nilieleza muzuri, hata bouteille ya Likasi niliweka. Alinisikiliza mpaka mwisho, huyu mutoto amelelewa. Kisha akasema: papa, ni kweli, mu mayi kuko hidrojeni. Lakini mashini yetu inachoma buchafu kavu, mu moto mukali, njo gaz inatoka. Ukileta mayi, moto yote inakwisha kazi ya kukausha mayi yako. Buchafu ya mayi hatuipokee. Hata mufuko moya.

Kuku moya ilijaribu kusimama, ikaanguka.

Akasema njia iko. Mufungue mifuko yote, mutandaze ku jua, mugeuze kila siku, wiki mbili hivi, mpaka ikauke. Nitarudi kupima. Ikiwa kavu, action zenu ziko. Ikiwa mayi, hakuna. Lakini mutandaze nyembamba, inaomba fasi kubwa — akanyoosha mukono, parseli muzima, mpaka kule nyuma.

Kule nyuma. Juu ya matuta ya Régine.

Vita! Nasoro anasema: tuuzishe leo, sasa hivi, mbele ya ule wa cravate kusikia habari ya mayi. Mama moya anamuuliza: na Mungu je, naye asisikie? Nasoro anasema Mungu hana action pale. Gauthier anasema: hapana, nilifagia mtaa muzima, nilifagia mpaka mbele ya nyumba ya mukwe wangu, siwezi kuuzishia muntu wa cravate jasho yangu. Tutandaze! Bengine: tandaza! Bengine: uzisha! Ingénieur ameketi juu ya gurudumu ya zamani, anafunga kamba ya botte, anajifanya haiko.

Kura. Nusu kwa nusu! Bote banageuka kwangu: président, sauti yako njo inakata.

Nikisema tuuzishe, ninauzishia muntu mayi, na Kamalondo yote itajua miye njo nilileta ile akili. Nikisema tutandaze, hakuna mahindi, hakuna bukari, na hakuna bibi pia. Njo nikasema: ngojeni, ninaenda kukojoa kwanza.

Na wingu ya Zambia imefika hapa juu.

Sasa ninasikia portail, geti, inafunguka. Ninasikia jembe inawekwa chini. Ni Régine! Na mbegu mu kitambaa, nimechungulia katikati ya mifuko.

Anasalimia bote, moya moya. Anauliza: ule bwana yangu iko wapi? Anauliza tena: na hii mayi, nani alimwanga?

"Président!" — bote. Hata Gauthier! Gauthier wa damu! Nasoro anaongeza: siye tulibeba tu mabidon, mama, akili ilikuwa yake.

Sasa ingénieur anamuelezea. Régine anauliza bintu: inakauka siku ngapi kama jua inakawia? Mvua ikinyesha juu yake, itakuwa namna gani? Ile mayi nyeusi inaua mahindi ao inailisha? Ingénieur anajibu, na anamuita mama ingénieur, banacheka babili! Banacheka ku parseli ya —

Régine anasema. Ninaandika vile anasema: "Miye sina action hata moya. Niko na matuta tu. Nikiwapa matuta yangu, mutandaze juu, mwaka hii batoto bangu batakula nini? Basi. Kila mufuko utakauka hapa, nusu ni yangu. Na kuuzishia muntu buchafu ya mayi, hapana, hapa ni ku baba yangu. Mukikataa, mubebe mifuko yenu mpaka jioni, ninapanda."

Nusu! Huyu mwanamuke! Nasoro atakufa.

Nasoro hakufa. Nasoro anasema: mama Régine, kama ungekala na siye tangu siku ya kwanza, leo tusingenuka hivi. Anasema: miye ninapendekeza président mupya. Mwenye kukubali mama, ainue mukono.

Mikono. Ule mama aliyemutaja Mungu. Nasoro mwenyewe. Bale ba uzisha, bale ba tandaza, bote. Gauthier kwanza amejikuna, sasa naye.

Régine hajasema ndiyo. Anaangalia wingu. Ananyanyua jembe, anaiegemea. Anasema: muhesabu kwanza, muhesabu na ule wa nyuma ya mifuko, ninaona viatu yake.

Bon. Nimesimama. Veste imeshika kintu, sitaki kujua kintu gani. Mukono wa kushoto juu kabisa, wa kuume unaandika. Miye, président, ninajipigia kura ya kutoka! Nani mu Katanga amefanya hiyo?

Gauthier anahesabu na kidole. Amefika kwangu, ameruka. Nimemuambia: Gauthier, niko hapa. Anasema amepoteza hesabu, anaanza tena, kutoka upande ule mwingine. Tone moya ya mvua imeanguka ku hii ukurasa. Mukono unachoka. Sishushe. Anakuya upande yangu —